Kamusi elezo za kujitolea, za wataalamu na za akili unde: ulinganisho kwa msomaji na kwa mchangiaji

Kwa zaidi ya miaka 20, mtu aliyetaka kujua jambo kwa haraka mtandaoni, liwe ni mwaka wa vita fulani, namna figo zinavyofanya kazi au maana ya istilahi ya sheria, aliishia mara nyingi kwenye ukurasa ulioandikwa na watu wasiolipwa. Wikipedia, iliyoanzishwa tarehe 15 Januari 2001, ndiyo mfano mkubwa wa kazi za aina hiyo, lakini haiko peke yake: iko kamusi ya Wiktionary, iko ramani ya OpenStreetMap, iko hazina ya data ya Wikidata. Leo swali la mahali pa kupata maarifa ya rejea limefunguliwa upya, kwa sababu programu za akili unde zinajibu maswali yale yale papo hapo bila kumpeleka msomaji popote, na kwa sababu ensaiklopidia (yaani kamusi elezo) zinazosimamiwa na wataalamu, ambazo wengi walidhani zimepitwa na wakati, bado zipo na baadhi yake zinaheshimiwa sana.

Makala hii inalinganisha njia hizo tatu kwa ajili ya watu wa aina mbili: yule anayetaka kujua aitegemee ipi anaposoma, na yule mwenye ujuzi na saa chache za ziada ambaye angependa kujua azielekeze wapi. Kigezo kilichozoeleka ni kuuliza nani ana makosa machache, na kigezo hicho hakitoshi, kwa kuwa hakuna kazi ya rejea isiyo na makosa. Ninauliza mambo matatu mengine. Kosa likiingia, nani anaweza kuliona? Akishaliona, anaweza kufanya nini? Na mmiliki wa tovuti akibadilisha nia au akiishiwa fedha, kazi yenyewe inabaki mikononi mwa nani? Naamini majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoamua ni kazi zipi zitakuwapo na kuaminika kizazi kijacho.

Njia ya wataalamu

Inafaa kuanza na wataalamu, kwa kuwa njia ya wazi, yaani ile ya watu wa kujitolea, ilizaliwa baada ya njia yao kukwama. Mwezi Machi 2000, Jimmy Wales na Larry Sanger, waliokuja kuanzisha Wikipedia, walizindua Nupedia, ensaiklopidia ya bure ambayo makala zake zilitakiwa kuandikwa na wajuzi na kupita hatua saba za uhakiki kabla ya kuchapishwa. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Hadi inafungwa mwaka 2003, Nupedia ilikuwa imekamilisha makala zipatazo 25 tu, ilhali Wikipedia, iliyoanzishwa pembeni kama mahali pa kuandalia rasimu, ilikuwa imeshajaa maelfu kwa maelfu.

Wengi walihitimisha kwamba wataalamu hawawezi kuandika ensaiklopidia ya mtandaoni. Hitimisho hilo lilikuwa la pupa. Stanford Encyclopedia of Philosophy, iliyoanza mwaka 1995 chini ya Edward Zalta, inaendelea hadi leo kwa utaratibu ambao juujuu unafanana na ule wa Nupedia: mwandishi anaalikwa, kazi yake inapitiwa na bodi ya wahariri, jina lake linabaki juu ya makala, naye anatarajiwa kuihuisha mara kwa mara. Kila robo ya mwaka toleo zima huhifadhiwa, hivyo mwanafunzi anayenukuu leo anaweza kuelekeza kwenye maandishi ambayo hayatabadilika. Tofauti kubwa na Nupedia ni kwamba imejifunga kwenye taaluma moja. Wanafalsafa huisoma, huifundishia na huiheshimu, kwa hiyo mwandishi anapata malipo ya heshima hata kama hapati fedha.

Citizendium, ambayo Sanger aliifungua kwa umma mwaka 2007 ikiwataka wachangiaji kutumia majina yao halisi na kuwapa wataalamu kauli ya mwisho, haikuwa na jumuiya ya namna hiyo nyuma yake, nayo ikadumaa. Scholarpedia, iliyoanza mwaka 2006, ilifanikiwa zaidi katika maeneo machache kama sayansi ya ubongo, kwa sababu ile ile iliyoifaa Stanford: wasomaji na waandishi walikuwa watu wa fani moja wanaofahamiana. Mtu anayefikiria kuanzisha kazi ya rejea ya kitaalamu aanze na swali hili kabla ya kununua hata kikoa cha tovuti: je, kuna jumuiya ambayo ndani yake kuandika makala hiyo ni heshima? Kama haipo, hatua saba za uhakiki hazitaizalisha.

Kwa vigezo vyangu, basi, njia ya wataalamu inapata alama za juu katika jambo moja na za chini katika mawili. Anayeandika anajulikana, na hilo linampa msomaji mtu wa kumwajibisha. Lakini kosa likionekana, msomaji hana la kufanya ila kutuma barua pepe na kusubiri, na haki za maandishi kwa kawaida hazijaachwa huria, kwa hiyo chuo au shirika linaloitunza kazi likitetereka, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuichukua na kuiendeleza. Upana nao ni tatizo lisilokwepeka. Makala za Stanford hazifiki 2,000 baada ya miongo mitatu ya kazi; Wikipedia ya Kiingereza ilivuka milioni 7 mwaka 2025.

Kuhusu usahihi, watu bado wanaurejelea uchunguzi wa jarida la Nature wa mwaka 2005, uliolinganisha makala 42 za sayansi na kukuta wastani wa makosa kama 4 kwa kila makala ya Wikipedia na kama 3 kwa kila makala ya Britannica, ensaiklopidia kongwe ya Kiingereza inayosimamiwa na wahariri wa kulipwa. Wenye Britannica waliupinga vikali. Kwangu uchunguzi huo una umuhimu wa kihistoria tu, kwa sababu pande zote mbili zimebadilika mno tangu hapo: Britannica, iliyoanza kutoka mwaka 1768, ilitangaza mwaka 2012 kwamba haitachapishwa tena kwenye karatasi, na makala za Wikipedia zilizopimwa wakati ule zimeandikwa upya mara nyingi.

Njia ya wazi, na kinachoonekana ndani yake

Fungua ukurasa wowote wa Wikipedia, kisha bonyeza sehemu ya historia. Mbele yako inatokea orodha ya kila badiliko lililowahi kufanyika humo, la karibuni likiwa juu: saa na tarehe, jina la mhariri, muhtasari mfupi wa alichokusudia, na idadi ya baiti alizoongeza au kupunguza. Chagua matoleo mawili, hata kama yameachana kwa miaka 10, na programu itayaweka sambamba na kukuonyesha neno kwa neno kilichoingia na kilichotoka. Ukitaka kujua kwa nini sentensi fulani iliondolewa, nenda kwenye ukurasa wa majadiliano, ambako si ajabu kuwakuta watu wawili au watatu wakivutana juu ya chanzo kimoja kwa aya nyingi. Mvutano huo unachosha kuusoma, lakini ndio unaomwezesha mgeni kutambua kwamba takwimu anayoiona ina ubishi nyuma yake, jambo ambalo kitabu cha jalada gumu hakikumwambia.

Uwazi huo hauzuii makosa. Mwaka 2005 ukurasa wa mwanahabari Mmarekani John Seigenthaler ulibeba uzushi mzito dhidi yake kwa takriban miezi minne kabla ya kusahihishwa, na baada ya aibu hiyo Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojisajili kuanzisha kurasa mpya. Tangu hapo ulinzi umeimarishwa: zipo boti (programu zinazojiendesha zenyewe) zinazorudisha nyuma uharibifu wa dhahiri ndani ya sekunde chache, na wako wahariri wanaopitia orodha ya mabadiliko ya karibuni kila siku. Matusi yaliyopachikwa kwenye ukurasa maarufu hayadumu. Kinachodumu ni kosa la kimya: tarehe iliyosogezwa kwa mwaka mmoja katika ukurasa usiosomwa sana, au jina la mtu asiyehusika lililochomekwa katikati ya aya iliyo sahihi.

Liko pia kosa la kukosekana. Tarehe 2 Oktoba 2018 Donna Strickland alitangazwa kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, na asubuhi hiyo hakuwa na ukurasa katika Wikipedia ya Kiingereza. Miezi michache nyuma mtu alikuwa ameandika rasimu juu yake, na mhakiki akaikataa kwa maelezo kwamba vyanzo vilivyotajwa havikuonyesha umuhimu wake. Mhakiki alifuata kanuni: Wikipedia haikubali habari isiyo na chanzo huru, na magazeti hayakuwa yameandika juu ya mwanafizikia huyo kwa kiasi cha kutosha. Ndivyo upungufu wa vyombo vya habari, hasa kuhusu wanawake na kuhusu nchi zisizoandikwa sana, unavyohamia moja kwa moja kwenye ensaiklopidia inayovitegemea. Ninaliona hilo kuwa kasoro kubwa kuliko zote za njia hii, kubwa kuliko uharibifu wa makusudi. Hata hivyo tunaijua habari ya rasimu hiyo kwa sababu ilibaki mahali pake pamoja na sababu ya kukataliwa, ikisomeka na yeyote. Ensaiklopidia za zamani ziliacha watu wengi nje kwa uamuzi uliofanyika katika ofisi ya mhariri, na hatutajua kamwe walikuwa akina nani.

Njia ya wazi ina sharti lisilosemwa mara kwa mara: kuwe na macho ya kutosha. Mahali ambapo wahariri ni wengi na wanatofautiana kimaoni, makosa ya mmoja yanasahihishwa na mwingine. Mahali ambapo ni wachache, mfumo ule ule unaweza kumkabidhi mtu mmoja au kikundi kimoja lugha nzima. Mwaka 2020 iligundulika kwamba sehemu kubwa sana ya Wikipedia ya Kiskoti ilikuwa imeandikwa na mtu asiyeimudu lugha hiyo, aliyekuwa akifanya kazi kwa nia njema kwa miaka kadhaa bila mtu wa kumsimamisha. Katika Wikipedia ya Kikroeshia hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa kikundi cha wakabidhi (wahariri wenye mamlaka ya kufuta kurasa na kufungia wengine) wenye mrengo mkali wa kulia kiliishika kwa takriban muongo mzima, kikipindisha historia ya Vita vya Pili vya Dunia na kuwafungia waliopinga. Tathmini iliyoagizwa na Wakfu wa Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, na kutolewa mwaka 2021 ilikiri hayo kwa uwazi. Na mwaka 2025 kamati ya lugha ya Wikimedia iliamua kuifunga Wikipedia ya Kigreenland, ambayo ilikuwa imejaa maandishi ya kutafsiriwa na mashine huku wazungumzaji wenyewe wa kuyasahihisha wakikaribia kukosekana kabisa.

Mifano hiyo inaumiza, na inamhusu moja kwa moja msomaji wa lugha yoyote yenye wahariri wachache. Idadi ya makala haisemi lolote juu ya ubora. Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6, karibu zote zikiwa zimetungwa na boti moja kutoka kwenye hifadhidata za viumbe na za maeneo ya kijiografia. Kitu cha kuangalia ni wahariri hai: wangapi walibadilisha kitu mwezi huu, na je, wanajibizana katika kurasa za majadiliano au kila mtu anaandika peke yake?

Hata katika lugha kubwa hesabu hiyo ina historia ya kutia wasiwasi. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa na wahariri hai wapatao 51,000 mwaka 2007. Kufikia mwaka 2013 walikuwa wamepungua hadi kama 31,000. Watafiti waliochunguza kushuka huko walikuta kwamba sehemu ya sababu ilikuwa ulinzi wenyewe, kwani michango ya wageni wenye nia njema ilianza kufutwa haraka, mara nyingi na programu, na mgeni aliyefutiwa kazi yake ya kwanza hakurudi. Idadi ilitulia baadaye, lakini haijarejea kileleni.

Kuhusu swali la tatu, la umiliki, njia ya wazi haina mpinzani. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kunakili, kubadilisha na kuchapisha upya, mradi ataje chanzo na awape wengine ruhusa hiyo hiyo. Matokeo yake yameonekana. Mwaka 2002, wahariri wa Kihispania walioogopa kwamba matangazo ya biashara yangeletwa walichukua maandishi yao na kuanzisha Enciclopedia Libre, na Wikipedia ikabaki bila matangazo. Mwaka 2012, wengi wa waandishi wa Wikitravel, tovuti ya mwongozo wa wasafiri iliyokuwa imenunuliwa na kampuni, waliondoka na maandishi yote na kuhamia Wikivoyage, ambayo tangu Januari 2013 iko chini ya Wikimedia. Leseni hiyo ina upande wa pili, kwa kuwa inaruhusu pia kunakili kwa lengo la kuchuja: Ruwiki, iliyozinduliwa rasmi Urusi mwaka 2024, ilijengwa juu ya nakala ya Wikipedia ya Kirusi na kurekebishwa ilingane na matakwa ya serikali. Hata hivyo nakala ya awali ipo, na msomaji anaweza kuziweka mbili pamoja akaona kilichoondolewa.

Linganisha hayo na kazi zilizoshikwa na kampuni pekee. Encarta, ensaiklopidia ya Microsoft, iliuzwa tangu mwaka 1993, ikafungwa mwaka 2009. Knol ya Google, iliyowaalika watu waandike makala zenye majina yao, ilifunguliwa mwaka 2008 na kufungwa mwaka 2012. Waandishi wa kazi za namna hiyo hawakuwa na neno la kusema. Sihitaji kuongeza mengi hapo.

Njia ya akili unde

Haki itendeke kwanza. Programu za akili unde zinafanya mambo ambayo ensaiklopidia haijawahi kuyaweza: zinaeleza jambo kwa kiwango cha anayeuliza, zinajibu swali la nyongeza, na zinaunganisha habari zilizotawanyika katika kurasa kumi. Mtu ambaye hakuwahi kuelewa ukurasa wa hisabati wenye lugha ngumu anaweza kuelezwa mara tatu kwa mifano tofauti mpaka aelewe. Faida hiyo ni halisi, na mtetezi wa kazi za kujitolea asiibeze.

Tatizo liko katika kigezo cha kwanza na cha pili. Jibu la programu halina ukurasa. Watu wawili wanaouliza jambo lile lile wanapata maandishi mawili tofauti, yasiyoonekana na mtu wa tatu, yasiyo na historia wala mahali pa majadiliano. Ukiiambia programu kwamba imekosea, itakuomba radhi na kukusahihishia, kisha inaweza kumpa mwenzako kosa lile lile dakika inayofuata. Marekebisho yako hayamfai mwingine. Na kwa kuwa programu hizi hutunga sentensi kwa kukadiria maneno yanayoelekea kufuatana, zinaweza kutaja kitabu kisichokuwapo kwa utulivu ule ule zinaotajia kilichopo.

Grokipedia, iliyozinduliwa na kampuni ya xAI tarehe 27 Oktoba 2025 ikiwa na makala zaidi ya 800,000, ni jaribio la kuipa akili unde umbo la ensaiklopidia, na angalau ina kurasa zinazoweza kusomwa na wote. Katika uzinduzi wake, hata hivyo, msomaji hakuweza kuhariri. Aliweza kupendekeza tu. Na sehemu ya makala zake ilibeba maelezo kwamba maandishi yametolewa Wikipedia kwa mujibu wa leseni yake. Hapo ndipo utegemezi wa njia hii unapodhihirika. Akili unde imefundishwa kwa maandishi ya watu, na ya Wikipedia yakiwa miongoni mwa yale yanayothaminiwa sana, kwa sababu yamepangika, yana marejeo na yako katika lugha zaidi ya 300. Utafiti uliochapishwa katika Nature mwaka 2024 ulionyesha kwamba mifumo inayofundishwa mara kwa mara kwa matini zilizotungwa na mifumo mingine huharibika kizazi kwa kizazi, ikianza kusahau mambo ya nadra. Mambo ya nadra ndiyo yanayompeleka mtu kwenye kazi ya rejea.

Hivi ni sawa na mtu anayechota maji kisimani huku akikata miti inayokilisha. Wikimedia ilieleza mwezi Aprili 2025 kwamba asilimia 65 ya maombi ya data yanayoigharimu zaidi katika seva zake yanatokana na boti, ingawa boti ni kama asilimia 35 tu ya utazamaji wa kurasa. Mwezi Oktoba mwaka huo huo ilieleza kwamba utazamaji wa binadamu ulikuwa umeshuka kwa asilimia 8 hivi ukilinganishwa na miezi ile ile ya mwaka 2024, kwa sababu majibu sasa yanatolewa na injini za utafutaji na programu za mazungumzo. Gharama ya seva inaweza kulipiwa, na tayari makampuni makubwa yanalipia huduma maalumu ya Wikimedia Enterprise iliyoanza mwaka 2021. Kisicholipika ni mhariri. Karibu kila mhariri alianza akiwa msomaji aliyeona kosa dogo akalirekebisha. Msomaji asipofika kwenye ukurasa, kosa halioni, na mhariri huyo hazaliwi. Tumeuona mwelekeo huo kwa Stack Overflow, tovuti ya maswali ya watengenezaji wa programu iliyoanza mwaka 2008. Iliyapiga marufuku majibu ya ChatGPT, programu ya mazungumzo ya akili unde, mnamo Desemba 2022, na bado maswali mapya yameporomoka tangu wakati huo, kwa kuwa wauliza maswali wamehamia kwa mashine iliyojifunza kutokana na majibu yao.

Wahariri wa kujitolea wenyewe hawajakaa kimya. Mwezi Juni 2025 Wikimedia ilisitisha jaribio la kuweka mihtasari ya akili unde juu ya makala baada ya wahariri wa Kiingereza kulipinga kwa nguvu, na mwezi Agosti wahariri hao waliweka kanuni ya kufuta mara moja kurasa zilizotungwa na mashine bila kupitiwa. Dalili wanazozitafuta ni za kiutendaji kabisa: sentensi inayomjibu mtu aliyeomba makala na kusahaulika ndani ya maandishi, au rejea ya kitabu ambacho hakipo. Naona wako katika njia sahihi.

Uchaguzi kwa anayesoma

Kwa tukio, wasifu, dhana ya msingi ya sayansi au jambo linalobadilika kila mwezi, anza na ensaiklopidia ya wazi katika lugha yenye wahariri wengi unayoimudu, na usiishie kwenye aya. Bonyeza tanbihi ya sentensi unayoitaka uone kama chanzo kipo na kama kinasema hicho kilichodaiwa. Kwa jambo lenye mabishano, soma pia ukurasa wa majadiliano, na ulinganishe toleo la leo na la mwaka jana.

Kwa dhana ya kinadharia ambayo unahitaji kuielewa kwa kina na kuinukuu, tafuta kwanza kama fani hiyo ina ensaiklopidia yenye majina ya waandishi. Falsafa inayo. Fani nyingi hazina, na hapo orodha ya marejeo iliyo chini ya ukurasa wa Wikipedia itakufaa kuliko ukurasa wenyewe.

Akili unde itumie kutafuta istilahi, kufafanuliwa jambo ulilolisoma ukalikosa, au kuonyeshwa vyanzo ambavyo utavifungua mwenyewe. Tarehe, takwimu, nukuu na jina la mtu usivichukue humo bila kuviona kwingine. Katika lugha yenye maandishi machache mtandaoni tahadhari hii iongezwe maradufu, kwa sababu mashine imejifunza kidogo na inazungumza kwa uhakika ule ule.

Uchaguzi kwa anayechangia

Mtaalamu ambaye fani yake ina ensaiklopidia inayoheshimika aandike humo anapoalikwa, kisha afanye jambo la pili ambalo wenzake wengi hulipuuza: atumie jioni moja kuweka vyanzo bora katika ukurasa wa Wikipedia wa mada hiyo hiyo. Asijinukuu yeye peke yake. Ukurasa huo ndio utakaosomwa na watu wengi, na ndio utakaonakiliwa na mashine.

Taasisi yenye hazina ya picha, ramani au kumbukumbu, badala ya kujenga tovuti yake ya ensaiklopidia ambayo itategemea bajeti ya kila mwaka, iachie vitu hivyo kwa leseni huria na kuviweka Wikimedia Commons, ghala la picha na faili huria la Wikimedia, pamoja na maelezo kamili ya kila kimoja. Kwa takwimu na orodha, Wikidata, iliyoanza mwaka 2012, inafaa zaidi kuliko makala, kwa kuwa namba iliyowekwa mara moja inaweza kutumika katika lugha nyingi kwa pamoja. Kwa jumuiya yenye wahariri wachache hiyo ni nafuu kubwa. Aliye na ujuzi wa maeneo aende OpenStreetMap. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, watu wa kujitolea walichora mitaa ya Port-au-Prince kutokana na picha za setilaiti ndani ya siku chache, na waokoaji wakaitumia ramani hiyo.

Anayeandika katika lugha yenye wahariri wachache ana uamuzi mgumu kuliko wote, na kwake nina ushauri ulio thabiti. Asitafsiri makala mia kwa mashine ili hesabu ipande. Achague mada chache anazozijua, aandike kila moja kwa vyanzo vinavyofunguka, na aziweke zote katika orodha yake ya maangalizi ili ajue pindi mtu anapozigusa. Kisha atafute mhariri mmoja mwingine, ikiwezekana mwenye maoni tofauti na yake, waangaliane kazi. Mgeni akija na mchango wenye kasoro, waurekebishe na kumwandikia ujumbe kwenye ukurasa wake wa majadiliano wakimweleza kilichobadilishwa na kwa nini, kabla ya kufikiria kuufuta.